Kitovu Kwenye Chungu cha Plastiki

Wanawake wa Kamachumu, upande wa Bukoba, wanamjua Ma Avelina kwa jambo moja. Ukimkaribisha kibanjani kwako atakuambia ukweli, na ukweli wenyewe hutaupenda. Atasimama kwenye mgomba wa kwanza, atachokoa udongo kwa kidole gumba cha mguu, kisha atauliza, kwa upole kabisa, ng'ombe wenu walikufa lini. Maharusi watatu au wanne wameshalizwa na swali hilo. Kwake udongo ni tumbo, na tumbo hulishwa: samadi, nyasi kavu, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi. Kinacholishwa huzaa na kinachonyimwa hufa. Ana miaka sitini na sita na hajaona jambo hilo likienda kinyume hata siku moja.

Basi mfikirie mwanamke huyo amechuchumaa uani kwenye nyumba ya kupanga, Merrylands, mjini Sydney, asubuhi ya mwezi wa kumi. Mbele yake kuna chungu cha plastiki chenye mche usiofika goti, na mche unakufa. Ameulisha wiki sita. Kila anapoulisha, unazidi kufa.

Majani yalianza kwa kupauka, yakawa njano, kisha ncha zikababuka kana kwamba mtu amezipitisha juu ya moto. Leo yalikuwa yanadondoka yenyewe. Ma Avelina aliokota moja, akalinusa, akalivunja. Halikumwambia kitu.

"Unataka nini wewe?" akauuliza mche kwa Kihaya, maana kwa Kiswahili alishauuliza jana.

Ungekuwa mche wa kawaida angeung'oa akautupa, akapata na la kusimulia nyumbani kuhusu miti ya Wazungu isiyo na shukrani. Lakini chini ya mche huo, kina cha vidole vinne, Ma Avelina alikuwa amezika kitovu cha mjukuu wake. Alikizika mwenyewe, na mpaka asubuhi hiyo hakuna mwingine aliyejua.

Mche wenyewe ulikuwa wa Henry, mwanawe wa pili, mhandisi wa reli. Siku alipokula kiapo cha uraia, halmashauri ilimpa kila raia mpya mche wa kwenda kupanda kwake. Henry hakuwa na pa kupanda, kwa hiyo aliuhamishia kwenye chungu kikubwa zaidi akauacha uani. "Ni banksia, mama," alimwambia mama yake alipofika mwezi wa nane. "Ni native, ya hukuhuku. Haitaki fuss. Wewe usiisumbue." Ma Avelina alicheka. Mti gani ulikua bila kusumbuliwa?

Alikuja kumwuguza mkamwana wake uzazi. Ikupa ni Mnyakyusa wa Rungwe, muuguzi kwenye nyumba ya wazee, msichana msafi, mpole, mwenye haya za kutosha mbele ya mama mkwe. Alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Benjamin. Siku ya tisa kitovu kilidondoka, pamoja na kile kibanio cha plastiki wanachobania hospitali. Ikupa akakiokota na kibanio chake, akakitia ndani ya kikopo cha vidonge, akakiweka juu ya meza ya kioo ya chumbani.

Ma Avelina akasubiri. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Kwao kitovu cha mtoto huzikwa kibanjani, chini ya mgomba, ili mtoto ajue kwao ni wapi hata akifika mwisho wa dunia. Hiki cha mjukuu wake kilikuwa kimekaa kati ya mafuta ya nywele na chaja ya simu! Alitaka kuuliza. Lakini mama mkwe anayeuliza sana huambiwa amekuja kutawala nyumba ya watu, na yeye hilo hakulitaka. Asubuhi moja Ikupa alipoingia kuoga, Ma Avelina akakichukua, kikopo akakiacha palepale kimefunikwa.

Shida ikawa pa kukizika. Ardhi ile ilikuwa ya mwenye nyumba, mtu ambaye hata Henry hajawahi kumwona, huzungumza naye kupitia kwa wakala. Ndani ya miaka mitano walikuwa wamehamishwa mara tatu. Ukikizika pale kwenye nyasi, kesho inakuja notisi, na kitovu cha ukoo wao wa Rweyemamu kinabaki mikononi mwa wakala. Ma Avelina alizunguka ua mara mbili, na mara ya pili jicho lake likaangukia chungu. Wakihama, watahama nacho! Alifurahi mno kwa ujanja wake, mpaka akasahau kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Kibanio kilikuwa kimeng'ang'ania, hakikubali kufunguka, kwa hiyo alizika vyote pamoja.

Siku ya tatu alimkuta Ikupa jikoni amepiga magoti. Amevaa glavu za kazini kwake, amelimwaga pipa lote la taka juu ya magazeti, anafungua nepi moja baada ya nyingine. Henry alikuwa amesimama pembeni hajui aweke wapi mikono.

"It's okay, Ikupa," alikuwa akisema. "Hivi vitu vinapotea. Tutafanya…"

"Tutafanya nini, Henry? Tutapata kingine?" Ikupa hakuinua kichwa. "Nilitaka kumpelekea mama. Nilimwahidi. Nilimwahidi kwenye simu, akiwa kwenye jeneza."

Hapo ndipo Ma Avelina alipoyajua ambayo hakuna aliyemwambia. Mama yake Ikupa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, hilo alilijua, alituma na rambirambi. Asilojua ni kwamba karatasi za ukaazi za Ikupa wakati ule zilikuwa bado ofisini, akitoka nchini asingerudi, na mazishi aliyaona kwenye simu, picha ikikwama kila walipofika penye jambo la maana. Akaapa kwamba kitovu cha mtoto wake wa kwanza atakwenda kukizika pale kaburini kwa mkono wake, ili mama yake apate walau hicho. Ndiyo maana alikuwa amekiweka mahali anapokiona kila akiamka.

Ma Avelina alisimama mlangoni na chupa ya chai mkononi. Alifungua mdomo. Tuseme kweli, alifungua mdomo kabisa, na kilichotoka ni, "Pole, mwanangu."

"Asante, mama," akasema Ikupa, akafungua nepi nyingine.

Kwa nini hakusema? Alijiuliza hilo wiki nzima bila kupata jibu lililosimama. Mara alijiambia kwamba kitovu kikishazikwa kimezikwa, hakifukuliwi. Mara alijiambia atasema kesho. Mwisho akapata fikra iliyompa usingizi. Mti utamsemea. Mti ukistawi, ukijaa majani, atamshika Ikupa mkono, atamleta uani, amwambie, tazama, mtoto yuko hapa, ona alivyo wa kijani. Nani atakasirikia mti wa kijani? Alichotakiwa kufanya ni kuustawisha kabla ya kuondoka, na kustawisha mimea ndiyo kazi pekee ambayo hajawahi kushindwa.

Akamwambia Henry ampeleke duka la bustani. Huko akakuta samadi ya kuku imefinyangwa vidonge kama chakula cha sungura, imefungwa kwenye gunia safi lisilonuka. Alitikisa kichwa kwa kustaajabu, akachukua gunia kubwa. Konzi mbili kila Jumamosi. Majivu kutoka kwenye jiko la kuchomea nyama. Maji aliyooshea samaki, hayo kila Ijumaa. Majani yalipoanza njano aliona ni njaa, akaongeza konzi ya tatu. Yalipoanza kubabuka akaongeza ya nne.

Sasa ilikuwa Jumanne, na ndege yake ilikuwa Jumamosi.

Akamkumbuka Murhula. Huyu alikuwa Mkongo wa Walungu, upande wa Bukavu, mwimbaji wa besi kwenye misa ya Kiswahili, na alishamwambia kwamba anafanya kazi kwenye kitalu cha miti Granville, kituo kimoja tu kwa treni. Ikupa na mtoto walikuwa wamelala. Chungu kilikuwa kizito kukibeba kwapani, kwa hiyo Ma Avelina akakipakia kwenye kigari cha Benjamin, akaufunika mche kwa kiblanketi kwa sababu ya upepo, akafunga mkanda.

Ndani ya treni bibi mmoja wa makamo yake, aliyejitanda hijabu ya rangi ya maziwa, aliinama kumchungulia mtoto huku akitabasamu. Akafunua blanketi. Akatazama zile fimbo na majani yaliyoungua, akamtazama Ma Avelina, na tabasamu likamwisha polepole. Akasema neno kwa lugha yake, akampapasa bega, akalirudisha blanketi mahali pake vizuri, kama mtu afunikaye mgonjwa. Ma Avelina hakujua acheke au alie. Alipofika Granville alikuwa bado hajaamua.

Murhula alikuwa akimwagilia mistari ya miche. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushee, mrefu, mwenye kofia pana. Alipofunuliwa kilichomo kigarini alizima maji.

"Mama, hii ulikuwa unaipatia nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

Ma Avelina akamtajia. Hata katika hali ile kulikuwa na fahari kidogo sautini mwake, maana hakuwa ameunyima kitu. Murhula alisikiliza mpaka mwisho.

"Pardon, mama. Ya kuku? Kila wiki?"

"Kila wiki. Na za mwisho nimeongeza."

"Na umeongeza," akasema Murhula, akavua kofia kama aliyepewa habari ya msiba.

Hakumcheka. Alikwenda kwenye mstari wa nyuma akarudi na banksia nyingine, ndogo kuliko ile ya Henry lakini ya kijani. Akaigeuza juu chini, akaichomoa kwenye kopo lake kwa upole, na mizizi ikabaki wazi. Pembeni, kila baada ya kipande, mzizi ulikuwa umejaa vinyuzi vifupi vyeupe vilivyosongamana, vinene kama brashi ya kuoshea chupa ya mtoto.

"Angalia hapa. Ile brashi inakuwa midomo yake. Udongo ya hapa ni maskini, mama, maskini kabisa, ya mchanga. Ile miti imezoea. Ikisikia njaa inatoa hizi brashi, inalamba kidogo kidogo kile iko mu mchanga. Njo vile inaishi. Sasa wewe ukiilisha, inasema, aa, chakula iko mingi, brashi ya nini? Haitoe tena. Na haijue kukataa. Inakunywa tu, inakunywa ile phosphore yote ya mbolea ya kuku, mpaka inaungua ndani."

"Inaungua kwa shibe?"

"Kwa shibe, ndiyo."

"Mti?"

"Mti, mama."

Ma Avelina akaitazama ile brashi nyeupe. Alihisi kama mtu aliyeambiwa, uzeeni, kwamba maji hupanda mlima. Huu ni mti wa namna gani? Nani aliulea? Kila alichokijua kilikuwa kimegeuzwa juu chini kama lile kopo la mche, na mizizi yake ilikuwa nje. Akatafuta mahali pa kushika, na akilini kikamjia kitu ambacho hakukifikiria miaka mingi: rweya. Kwao, mgomba wa mwisho ukiisha, rweya huanza, mbuga ya nyasi tupu yenye udongo mwembamba usio na kitu. Utotoni alikwenda huko kukata nyasi za kutandaza kibanjani. Kulikuwa na vichaka kule, na vilichanua, vizuri tu. Nani alivipelekea samadi? Hakuna. Alivipita miaka yote hiyo na mundu wake na hakuwahi kujiuliza vinakula nini.

"Ni mti wa rweya," akasema polepole. Murhula hakujua rweya ni nini, lakini aliitikia kwa kichwa.

"Mama, usiumize roho. Patron wangu, mwenye kitalu, angesema tupa. Nitakupatia hii ingine, ni ileile tu."

"Siutaki mwingine."

"Lakini mama, ni aina moja…"

"Murhula, humo ndani kuna kitovu."

Akamweleza. Alidhani itamchukua muda, lakini maneno yalitoka yote kwa mara moja, na kikopo, na nepi, na jeneza la kwenye simu. Murhula alikuwa akiuchezea ukingo wa kofia.

"Kwetu pia, ku Walungu, tunazikaka mu migomba," akasema. "Mama ya mtoto anajua?"

Ma Avelina akautazama mpira wa maji.

"Hajui."

"Hm." Murhula akarudisha kofia kichwani. "Basi iko shida, mama. Kama unataka ile mti ipone, tunaosha mizizi, tunatoa udongo yote, tunatupa. Mbolea iko mu udongo yote. Hakuna ya kubakisha."

"Udongo wote?"

"Yote."

Ma Avelina alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kibanjani mti na udongo havitengani, ukisema mgomba wa mtoto umesema vyote. Sasa anaambiwa achague. Akiuacha udongo, mti unakufa, na kitovu kinabaki chini ya mti uliokufa, nuksi aliyomtilia mjukuu wake kwa mikono yake. Akiumwaga, mti huenda ukapona, lakini utakuwa mti wa bure usio na mtoto ndani yake. Na Ikupa je? Ikupa hana mti wala kitovu. Ma Avelina alifikiria mpaka kichwa kikamwuma, na kila njia aliyoishika ilimrudisha kwenye ndoo ileile.

"Mama," akasema Murhula, "kilikuwa na kile kintu ya plastiki? Watoto yangu yote tatu ilitoka nayo ku hospitali."

"Kilikuwa nacho. Kilikataa kufunguka."

"Plastiki haiozake."

Akaleta chekeche pana la kuchungia mchanga, akalitandika juu ya karai. Wakalaza mche juu yake, yeye akishika shina, Ma Avelina akimimina maji kwa kopo taratibu. Udongo mweusi ukaanza kuteremka. Ulinuka kuku. Mizizi iliyotokea ilikuwa myeusi, ikiteleza vidoleni kama uzi uliolowa, mingine ikikatika kwa kuguswa tu. Brashi haikuwepo hata moja. Murhula alikwangua mzizi mkuu kwa ukucha, na ndani kulikuwa na weupe kidogo.

"Haijakufa yote," akasema.

Kibanio kilijitokeza mwishoni, kimeegemea ukingo wa chekeche. Ma Avelina alikiona kabla ya Murhula. Akakiosha kiganjani mwake kwa matone machache, akikiogopa. Kati ya meno yake ya plastiki kulikuwa na kitu cheusi, kikavu, kidogo kama punje ya mtama, kimeng'ang'ania pale. Ndicho kilichobaki, chote. Alilia hapohapo kwenye kitalu cha watu, kwa sauti, na Murhula akageukia miche yake akaanza kuipanga upya bila sababu.

Baadaye alimrudishia mche ndani ya chungu kilichosuguliwa, umesimama katika mchanga mweupe mkavu ambao Ma Avelina asingeupandia hata magugu.

"Sasa muache, mama."

"Nimpe nini?"

"Maji."

"Na?"

"Maji."

"Utapona?"

"Sijue," akasema Murhula. "Hapendi kuguswa mizizi, na tumemugusa sana. Ingine inapona, ingine inakufa. Sijue, mama."

Kwenye treni alikuwa na kibanio mkononi, kimefungwa ndani ya leso. Na shetani hapandi treni kwa tiketi, kwa hiyo alikuwa amekaa pembeni yake. Kwa nini kusema? Kile kibanio kingeweza kuanguka nyuma ya meza ya kioo, chini pale kwenye vumbi, ambako hakuna aliyefagia vizuri. Kesho asubuhi, wakati wa kufanya usafi, angepaza sauti: Ikupa, njoo uone! Mkamwana angelia kwa furaha, yeye angepata shukrani, na mti ungekuwa mti tu. Hakuna ambaye angeumia. Alipoteremka Merrylands alikuwa ameshachagua hata upande wa meza.

Ikupa alikuwa amesimama barazani na mtoto begani, bado na nguo za kulalia, simu mkononi.

"Mama! Nimeamka, haupo, na pram haipo. Nimempigia Henry." Akafika kwenye kigari, akafunua blanketi. Akautazama mche uliobaki na majani saba, uliosimama kwenye mchanga. "Mama?"

"Nilikwenda Granville. Kwa yule Murhula wa kwaya."

Ikupa alitazama mche, akamtazama mama mkwe, nguo zake zilizolowa, macho yake mekundu, na sura yake ikalainika.

"Ulikwenda kuutibu? Peke yako?" Akamshika mkono. "Ungeniamsha, mama, tungekwenda wote. Najua ulivyoupenda huu mti. Pole."

Ni lile neno. Neno lilelile alilompa yeye mlangoni na chupa ya chai mkononi, ila la Ikupa lilikuwa la kweli. Ma Avelina alilisikia likimwingia kifuani. Uongo wake ulikuwa tayari, umeshapangwa mpaka upande wa meza, na akashindwa kuukumbuka. Akafungua leso.

"Nilikichukua mimi," akasema. "Nilikizika kwenye chungu. Ulipokuwa unapekua nepi, nilikuwa najua."

Ikupa alikitazama kibanio muda mrefu. Benjamin alikuwa akinyonya ukosi wa nguo ya mama yake.

"Ulisimama pale," akasema Ikupa.

"Nilisimama."

"Nilifungua nepi zote za wiki, mama. Nilinusa mpaka maganda ya viazi. Na wewe uliniambia pole."

"Nilikuambia."

"Kwa nini?"

Na Ma Avelina, ambaye kule Kamachumu hakosi jibu, alisema kweli: "Sijui, mwanangu. Nimejiuliza, sijui. Nisamehe."

Ikupa alichukua leso na kilichomo, akaingia chumbani na mtoto, akafunga mlango, si kwa kishindo. Henry aliporudi alikuta mama yake amekaa sebuleni na koti mwilini kama abiria. Akaenda kugonga mlango wa chumbani, akasikiliza, akarudi jikoni akapika wali peke yake.

Jua lilikuwa bado halijazama Ikupa alipotoka. Alikuwa amenawa uso. Alipita moja kwa moja uani, na Ma Avelina akamwona dirishani ameinama juu ya chungu.

"Mama!" akaita kutoka huko. "Huu unapewa nini sasa?"

"Maji."

"Na nini kingine?"

"Basi. Maji tu, kisha unauacha." Maneno yalimtoka kama ya lugha ya kigeni.

Ikupa akaingia, akakaa mbele yake, akaweka mezani kile kikopo cha vidonge. Kilikuwa kimefungwa kwa plasta ya hospitali, mizunguko mitatu.

"Ukifika Dar, usiunganishe ndege ya Bukoba. Henry atabadilisha tiketi. Utapanda basi la Kyela, utashuka Tukuyu. Kaka yangu atakupokea."

Ma Avelina hakuelewa. "Tukuyu? Kufanya nini?"

"Kaburi la mama liko nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mimi mwaka huu siwezi kwenda, na mwakani sijui. Wewe ulikizika mara ya kwanza, utakizika na hii ya pili. Kwa mkono wako. Na kabla ya kukizika umwambie, kwa mdomo wako, ulichokifanya."

Ma Avelina alikitazama kikopo. Siku nzima barabarani, kwa kaburi la mwanamke ambaye hawakuwahi kuonana, akamwambie aibu yake. Ilikuwa adhabu. Lakini nani humkabidhi mwizi kilekile alichoiba, akimwambia nenda nacho, na asimtume mtu wa kumfuata? Alimtazama Ikupa usoni atafute ni lipi kati ya hayo mawili, akaona uso wa mtu aliyechoka tu.

"Juu yake nipande nini?" akauliza. "Isale? Mgomba mdogo? Udongo wa Rungwe nasikia ni mzuri, lakini kidogo cha samadi…"

"Usipande kitu, mama."

"Hata ua?"

"Hata ua. Usiweke kitu. Kizike tu."

Ma Avelina akaitikia kwa kichwa. Akakichukua kikopo, akakishika kwa mikono miwili.

"Nikishamwambia nilichofanya," akasema, "nimwambie nini tena?"

Ikupa alikuwa ameshanyanyuka kumfuata mtoto aliyeanza kulia. Alisimama mlangoni, mgongo ukiwa kwake.

"Mwambie mtoto ana masikio kama yake," akasema.